Kabla Hujashika Panga Makaburini

Jumamosi ile tulikuwa watu 34. Niliwahesabu kwa fahari, nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi letu la simu kabla hata kazi haijaanza. Tulikuwa na mapanga, mafyekeo, reki, mashine mbili za kukatia nyasi za kuazima, ndoo, brashi za waya na madumu ya dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mbele yetu palikuwa na makaburi ya zamani, yaliyofungwa kwa maziko kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ukuta ulikuwa umemeguka, mawe yamelala kifudifudi, miti imejiotea itakavyo, na katikati inapita njia ya mkato iliyopambwa kwa mifuko ya plastiki. Kufikia saa tisa alasiri pori lote lilikuwa chini. Tukapiga picha ya pili, ya "baada". Ni picha nzuri mno. Nikiiona siku hizi natamani kuifuta, lakini nimeiacha kwa sababu ni ushahidi.

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Mara kwa mara huniandikia watu wa vikundi vinavyotaka kuanza kazi kama yetu, na karibu wote huuliza swali moja: tununue vifaa gani? Jibu langu huwakera. Daftari, penseli, tepu ndefu ya kupimia, kamera ya simu, na mwaka mzima wa kutogusa kitu. Mmoja alinijibu kwamba makaburi yao yameshasubiri vya kutosha. Namwelewa kabisa, maana nami ningejibu hivyohivyo.

Wiki ya tatu baada ya usafi akaja mama mmoja mtu mzima, akasimama kwenye kona ya ukuta wa chini muda mrefu bila kusema neno. Nikamwendea nikitabasamu, nikidhani amekuja kutushukuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa palikuwa na vichaka."

"Ndiyo mama, tumeviondoa. Vilikuwa vimeufunika ukuta."

Akaniangalia kama mtu anayepiga hesabu kichwani. "Cha saba kutoka kwenye kona kilikuwa cha mama yangu," akasema. "Au cha nane. Nilikuwa nakijua nikikiona."

Sikuwa na la kumjibu. Jioni nikafungua simu nikaitazama upya picha ya "kabla", ile niliyoipiga kwa kujisifu. Nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita: vichaka vile vilipangana. Baina ya kimoja na kingine palikuwa na nafasi ileile, kama hatua mbili, kuanzia kona hadi penye lango la zamani. Vichaka vya porini havijipangi. Waliokosa pesa ya jiwe walipanda mmea wa maua meupe kichwani pa kaburi, kisha wakaja kizazi hadi kizazi kuangalia mmea. Sisi tulivikata vyote kwa muda usiofika saa moja, tukavichoma, na majivu tukayamwaga kwenye mashimo ya njia.

Tangu hapo nimejifunza kwamba katika makaburi ya zamani walio na mawe ni wachache. Kwetu tulihesabu mawe 300 na ushei. Baadaye tulipolipata daftari la maziko, lilikuwa na majina zaidi ya 2,000. Kwa hiyo mtu anayeingia na kuona "eneo tupu" kati ya mawe, ajue amesimama juu ya watu. Alama zao ni ndogo: mawe ya mtoni yaliyozungushwa, chupa iliyochomekwa ardhini, kigingi kilichooza, mti wa namna moja unaojirudia kwa mstari, au bonde dogo tu. Bonde hutokea kwa sababu jeneza likioza na kuporomoka, udongo wa juu hushuka. Wakati wa mchana huwezi kuliona. Njoo jua linapochomoza au linapozama, uchuchumae, utaona kivuli chembamba kimejaa kwenye kila bonde, safu kwa safu. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilikaa chini.

Kosa la pili lilichelewa kuonekana. Siku ile ya usafi kijana mmoja wetu, mchapakazi kuliko wote, alichukua jiwe la marumaru lililokuwa jeusi kwa ukoga, akalimwagia klorini, akalisugua kwa brashi ya waya hadi likawa jeupe kama jino. Tulimpigia makofi. Baada ya misimu miwili ya mvua nilipitisha kidole kwenye jiwe lile, kikatoka na chembe kama sukari. Herufi zilizokuwa na kingo kali zilikuwa zimeviringika, na mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umebaki tarakimu mbili. Pembeni palikuwa na madoadoa ya rangi ya kutu: vipande vya waya wa brashi vilikuwa vimejichomeka kwenye jiwe, vikapata maji, vikaoza humohumo.

Fundi mawe mmoja mzee, aliyekubali kuja kwa kulipwa nauli tu, alitupa darasa akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Marumaru na mawe ya chokaa, alisema, ni kitu kimoja kwa asili, na asidi yoyote huyala, hata ile ya limau. Klorini nayo huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe. Chumvi ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka, huunda fuwele zinazosukuma kutoka ndani, na uso wa jiwe humeguka taratibu. Unaposugua uso uliokwisha kulegea, unaondoa ngozi. Tukamuuliza, sasa tusafishe na nini? Akasema: maji mengi, brashi laini ya nyuzi za mimea au ya nailoni, kijiti cha mbao kwa ajili ya kona, na anza chini kupanda juu ili uchafu usiache michirizi. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea. "Lakini kwanza niambieni, mnalisafisha la nini?"

Tulisema, ili lisomeke. Akaomba kioo.

Hatukuwa na kioo. Mtu akakimbia nyumbani akaleta kile cha kujitazamia chumbani, chenye fremu ya mbao. Ilikuwa karibu saa sita, jua liko utosini, na jiwe tulilokuwa tumeliandika daftarini "halisomeki" lilikuwa tambarare kama ubao uliofutwa. Mzee akakiegemeza kioo pembeni, akakipindapinda mpaka mwanga ukalamba uso wa jiwe kutoka ubavuni. Herufi zikainuka. Jina, jina la baba, umri wa miaka minne na miezi saba, na chini kabisa mchoro wa ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Akakisogeza kioo kidogo, ndege akapotea. Akakirudisha, ndege akarudi. Watoto waliokuwa wakipita njia ya mkato walisimama kutazama, na mmoja akaomba akishike kioo yeye. Tangu siku hiyo hatujaosha jiwe lolote kwa ajili ya kulisoma. Usijaze chaki kwenye herufi wala povu la kunyolea ndevu, hata kama umeona video watu wakifanya hivyo. Kioo na kamera vinatosha, na saa za asubuhi na jioni hata kioo hukihitaji.

Kuhusu ukoga, nimebadilika hata nikawa kero kwa wenzangu. Yale mabaka ya kijivu, ya manjano na ya rangi ya chungwa yanayoganda kwenye mawe, tuliyokuwa tukiyaita uchafu, mengi ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Aina nyingi hukua polepole mno, pengine milimita moja au pungufu kwa mwaka. Baka la ukubwa wa kiganja linaweza kuwa limeanza kabla babu yako hajaoa. Wanasayansi hutumia ukubwa wa mabaka hayo kukadiria jiwe limekaa wazi muda gani, na ili kujua kasi ya ukuaji hupenda kupima mawe ya makaburi, kwa sababu mawe hayo yana tarehe. Zipo pia aina zinazokataa kuota penye hewa chafu. Kwa hiyo mtu anayesugua ukoga anafuta maandishi mawili kwa pamoja: ya jiwe na ya kuvumwani.

Saruji ilituponza kwa namna yake. Mawe yaliyoegama tuliyasimamisha na kuyamwagia saruji shinani, tukajiona wahandisi. Jiwe moja la mchanga likakatika kwa mstari ulionyooka palepale lilipokutana na saruji, usiku wa upepo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la namna hiyo na haipumui. Maji yakishindwa kutoka kupitia kiungo, hutokea kupitia jiwe. Ukija msukumo, anayevunjika ni mnyonge, na mnyonge ni jiwe. Kwa mawe ya zamani kiungo ni chokaa na mchanga, chokaa ambayo unaifunika kwa magunia mabichi isikauke haraka, na ambayo inataka subira ya wiki nyingi. "Kiungo ndicho kife, jiwe libaki," alisema yule mzee. Jiwe dogo lisilo na kitako ni rahisi zaidi: chimba, weka kokoto zilizoshindiliwa chini na pembeni, lisimamishe, basi.

Nitasema pia la hatari, kwa sababu watu hulichukulia kimzaha. Jiwe lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10 linakaribia kilo 160. Nchi kadhaa zimezika watoto walioangukiwa na mawe kama hayo. Sisi tulimkuta mtoto wa miaka sita ananing'inia kwenye moja. Siku hiyo nilipiga kelele ambazo nilizijutia, maana hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Tukayapima yote: unasimama ubavuni, si mbele, unasukuma taratibu kwa kiganja. Linalocheza linazungushiwa kamba na kuandikwa. Msiyalaze yote chini kwa woga. Zipo halmashauri zilizofanya hivyo na kugombana na familia miaka mingi. Na msinyanyue kwa mikono. Mwenzetu aliumia mgongo mwaka wa pili, na mpaka leo hawezi kukaa kwenye kiti kwa saa nzima. Hatukuwa na bima. Fedha ya matibabu ilitoka mifukoni mwetu, na urafiki wetu naye haukurudi kuwa vile ulivyokuwa.

Sasa nije kwa wenye ardhi. Kabla ya usafi tulikuwa na ruhusa ya mdomo kutoka kwa ofisa mmoja aliyesema, "Nyie safisheni tu, nani atawazuia?" Ilituchukua miezi 14 kujua kwamba ofisi yake haikuwa mmiliki. Ardhi ilikuwa ya taasisi moja, njia ya mkato ya nyingine, na ukuta haukuwa wa mtu, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi tatu, nimeambiwa njoo kesho mara nyingi hadi walinzi wakawa wananiita kwa jina. Mnapoanza, tafuteni hati ya ardhi, si mtu. Ombeni barua yenye mhuri inayosema mnaruhusiwa nini, na hasa inayosema nani anawajibika jiwe likimwangukia mtu. Wakati mnasubiri, ulizeni habari za daftari la maziko. Letu lilikuwa chini ya makabati, limelowa pembeni, kurasa zimegandana. Tuliomba kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa palepale ofisini bila kulitoa, tukatumia siku mbili. Mwaka uliofuata ofisi ile ilihama, na daftari halijaonekana tena.

Ramani tuliichora mara mbili. Mara ya kwanza kwa simu: kijana wetu wa kompyuta alisimama juu ya kila kaburi na kubonyeza kitufe. Ramani ilipotoka, nusu ya marehemu walikuwa barabarani. GPS ya simu hukosea mita tatu hadi tano penye anga wazi, na chini ya miti huzidi. Makaburi yako mita moja moja. Mara ya pili tulivuta kamba kutoka kwenye kona mbili za ukuta, tukagawa eneo kwa miraba ya mita tano, tukapima kwa tepu. Kazi ya kizamani, ya kuchosha, na ndiyo iliyodumu. Zipo rada za kupenya ardhini zinazoweza kuonyesha mashimo yaliyochimbwa zamani bila kufukua, ila kukodisha moja kungemeza bajeti yetu ya miaka miwili, na kwenye udongo wa mfinyanzi hazioni mbali. Tulichuchumaa jioni badala yake.

Upande wa viumbe, aliyetufungua macho ni mwalimu wa baiolojia aliyeleta wanafunzi kuhesabu mimea. Sikutarajia kitu. Wakakuta maua ya mwituni ambayo nje ya ukuta hayapo tena. Sababu yake ni nyepesi: ardhi ya makaburi haijalimwa wala kutiwa mbolea tangu ilipotengwa. Pande za katikati ya Marekani, ambako mbuga karibu zote zimegeuzwa mashamba, baadhi ya vipande vya mwisho vya nyasi za asili vimesalia ndani ya makaburi ya walowezi. Pale Père Lachaise, Paris, makaburi yaliyofunguliwa 1804, waliacha kupulizia dawa za kuua magugu, na 2020, mji ulipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wa mbweha walionekana wakicheza kati ya makaburi. Katikati ya Paris!

Basi tukaamua kuacha kufyeka kila mwezi. Sasa tunakata mara mbili kwa mwaka, mimea ikishaangusha mbegu, na nyasi tunazitoa nje zisioze hapohapo, maana zikirutubisha udongo huja nyasi ndefu za kibabe zinazokaba maua madogo. Karibu na mawe tunakata kwa mkono. Mashine ya kukatia nyasi kwa uzi huchonga jiwe la mchanga kama panya anavyochonga mkate. Kila jiwe letu lina mkanda wa makovu kwenye kimo cha kifundo cha mguu, na yote ni ya mwaka wa kwanza.

Watu walilalamika. Walisema tumekata tamaa, tumerudisha pori, pesa tumekula. Nilijaribu kueleza habari za vipepeo, nikaonekana mjinga. Kilichosaidia ni jambo dogo ambalo nasikitika sikuambiwa mapema: fyeka mkanda wa mita moja kila upande wa njia, ukate vizuri, unyooshe kingo, safisha lango. Katikati acha. Mtu akiona kingo zimenyooka, anajua kwamba pori la katikati limeachwa kwa makusudi. Malalamiko yaliisha ndani ya miezi miwili, na katikati, nje ya mikanda ile, hatukuwa tumebadilisha chochote.

Miti nayo ina kesi zake. Mmoja umekaa juu ya kaburi, mizizi imelikumbatia jiwe na kulinyanyua upande mmoja. Nusu ya kamati walitaka ukatwe. Mtaalamu wa miti, ambaye malipo yake yalituuma, alitueleza kwamba mti ukifa, mizizi huoza, udongo hushuka, na jiwe litaanguka kwa urahisi kuliko sasa. Tena kisiki haking'olewi makaburini kamwe, kwa sababu kinatoka na mifupa. Mti umebaki. Jiwe limebaki mikononi mwake. Miche midogo inayoota kwenye nyufa za makaburi ndiyo tunayoikata, ikiwa bado unene wa penseli, kila mwaka bila kukosa.

Pesa zetu nyingi ziliishia kwenye uzio. Katika kila mia tuliyokusanya miaka miwili ya mwanzo, zaidi ya hamsini zilikwenda kwenye nyavu, nguzo na lango lenye kufuli, kwa sababu vijana walikuwa wakikaa humo usiku na tulikuta mawe mawili yamevunjwa. Tukafunga. Mwaka uliofuata yalivunjwa tisa. Waliopita njia ya mkato, mama na kapu lake, wanafunzi, wazee wa kutembea asubuhi, ndio waliokuwa walinzi, na tuliwafungia nje. Anayeruka uzio hajali uzio. Tukafungua lango, tukaweka mabenchi mawili yanayotazama njia, na mimi pamoja na mwenzangu mmoja tukaenda kukaa na vijana wale jioni tatu mfululizo bila kuwahubiria. Mmoja wao alikuwa anajua majina ya mawe mengi kuliko katibu wetu. Leo ndiye anayenipigia simu jiwe likicheza. Taa tulizofunga wakati uleule tumezing'oa pia: popo walikuwa wamehama, na aliyetaka kufanya uovu alikuwa amepata mwanga wa kufanyia.

Kuhusu matumizi, tuliwahi kuandaa jioni ya muziki kwa vipaza sauti ili kuchangisha fedha. Walijaa. Fedha zikapatikana kuliko tulivyotarajia. Siku ya pili familia moja ilituletea barua ya mistari minne, bila tusi, na kila mstari ulikuwa kweli. Hatukurudia. Tuliita kikao cha wenye ndugu waliozikwa pale na wanaopita pale, tukakubaliana: kutembea, kusoma, darasa la wanafunzi, kukimbia taratibu njiani, matembezi ya kuongozwa, ndiyo. Vipaza sauti, kuchoma nyama, kupiga picha za harusi juu ya makaburi, hapana. Mbwa tulibishana saa nzima. Wanaingia wakiwa wamefungwa kamba. Ingekuwa rahisi zaidi kuwauliza watu kabla ya muziki.

Swali la fedha halina mwisho. Makaburi huingiza pesa wakati wa kuuza nafasi, na nafasi zikiisha pesa huisha ila nyasi hazijui. Highgate ya London, iliyofunguliwa 1839 na kampuni binafsi, ilipitia hukohuko: iliporomoka, ikamezwa na miti, mpaka 1975 wananchi walipounda chama cha marafiki wa makaburi hayo. Leo wageni hulipa kiingilio. Kwetu hakuna kaburi la mtu maarufu la kuvutia wageni, kama lile la mwanafalsafa Karl Marx lililoko Highgate, kwa hiyo tunategemea michango midogo ya kila mwezi. Ninashauri hivyo kuliko ruzuku kubwa moja. Ruzuku tuliyopata ilitaka matokeo yanayoonekana ndani ya miezi sita, na matokeo yanayoonekana haraka makaburini karibu yote ni madhara. Ndiyo iliyonunua uzio.

Katika wale 34 tumebaki watano wa kudumu. Sikuwalaumu waliokwenda. Kazi ya kupima na kuandika haina picha ya "baada". Mwaka wa tatu nami niliacha kwa miezi minne, nikawa napita njia ndefu ili nisione lango. Nilirudi kwa sababu ya simu moja.

Vichaka vilikuwa vimechipua. Si vyote. Tulikuwa tumevikata kwa panga bila kung'oa, na uvivu huo ndio uliotuokoa: mashina manne kati ya 11 yalitoa machipukizi. Kwa kupima umbali baina yao, na kwa ile picha ya "kabla", tuliweza kurudisha mahali pa mengine saba kwa makisio ya nusu mita. Tulichukua vipandikizi kutoka kwenye mashina yaliyo hai, tukaviotesha kwenye makopo.

Nilimwita yule mama. Alikuja na mjukuu wake, akahesabu kwa hatua kutoka kwenye kona, akarudi, akahesabu tena. Cha saba kilikuwa kimekufa. Cha nane pia. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikaikuza, akaisogeza karibu na uso, akatikisa kichwa. Mjukuu alikuwa ameshika makopo mawili, moja kila mkono, akisubiri aambiwe achimbe wapi.

"Kote kuwili," akasema mama. "Atakayekuwa hapo mwingine naye ana mtu."